Vituo Vidogo vya Petroli vya Illinois na Mafundi wa Reli Ndogo

Mtu akitoka mji wa Chicago, katika jimbo la Illinois huko Marekani, akashika njia ya kusini-magharibi, muda si mrefu huyaacha majumba marefu nyuma yake na kuingia katika nchi tambarare ya mahindi na soya. Nchi hiyo haina milima. Kitu cha kwanza kuonekana kutoka mbali ni ghala refu la nafaka. Chini ya ghala pana mji mdogo, na katikati ya mji hupita reli. Kando ya reli, tena kwa mahali pengi karibu sana nayo, iko barabara ya zamani iliyojulikana kwa jina la Route 66.

Reli ndiyo iliyotangulia. Reli iliyokuja kuitwa Chicago & Alton ilikuwa ikipeleka magari ya moshi katika nchi hiyo tangu miaka ya 1850, na miji midogo ilijengwa kando yake kama shanga katika uzi. Barabara ilikuja baadaye. Ilipewa nambari yake mwaka 1926, ikaanzia Chicago na kuishia California, mwendo wa maili 2,400 hivi. Wakulima waliokimbia ukame wa miaka ya 1930 waliifuata wakienda magharibi kutafuta kazi; baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wenye nafasi waliifuata wakienda kutembea. Wote hao walihitaji petroli, maji ya injini, na mahali pa kuuliza njia. Basi vituo vya petroli vikaota kando yake kama uyoga baada ya mvua.

Halafu zikaja barabara kuu mpya, pana na zilizonyooka, ambazo haziingii mijini. Motokaa zikahama, na biashara nyingi zikafa. Mwaka 1985 nambari ya Route 66 ilifutwa katika orodha ya barabara za taifa. Lakini lami ilibaki, na baadhi ya vituo vile vidogo vikabaki pia, vingine vikiwa vimefungwa, vingine vikiwa vimegeuzwa kuwa ghala au karakana.

Wageni wenye fimbo ya kupimia

Siku hizi watu wengi hupita katika barabara hiyo ili kuyaona yaliyosalia. Wengi wao hupiga picha, hununua kadi za posta, wakaenda zao. Lakini wako wageni wa namna nyingine, ambao mtu asiyewajua angewadhania kuwa ni wapima ardhi au makarani wa kodi. Mgeni wa namna hiyo hushuka garini akiwa na fimbo iliyotiwa alama za futi. Huisimamisha fimbo penye ukuta, akapiga picha. Huzunguka nyuma ya jengo, mahali ambapo wengine hawaangalii, akapiga picha ya bomba la maji ya mvua, ya mlango wa choo, na ya rundo la matairi. Kisha huhesabu safu za matofali na kuandika hesabu yake katika daftari. Huyo ni fundi wa reli ndogo.

Kazi ya reli ndogo si mchezo wa watoto, ingawa ilianza katika vitu vya kuchezea. Watu wazima, miongoni mwao makarani, waalimu, madaktari na mafundi wa reli za kweli, hujenga katika chumba kimoja cha nyumba yao reli iliyopunguzwa kwa kipimo maalum, pamoja na injini, mabehewa, madaraja, stesheni na miji. Huko Marekani kazi hiyo ilipata nguvu katika miaka ya 1930. Gazeti la Model Railroader lilianza kutolewa katika mji wa Milwaukee mwezi wa Januari, 1934, na mwaka uliofuata kilianzishwa katika mji huo huo chama cha taifa cha mafundi hao. Chama hicho kiliweka vipimo vya njia na vya magurudumu, ili injini iliyonunuliwa kwa mtengenezaji mmoja iweze kupita juu ya njia iliyonunuliwa kwa mwingine.

Kipimo kinachotumiwa na wengi huitwa HO. Katika kipimo hicho kila kitu hupunguzwa mpaka kuwa sehemu moja katika 87. Mtu mrefu wa futi 6 hafiki inchi moja. Behewa la futi 40 huwa na inchi 5 na nusu. Maili moja ya njia huwa futi 60 hivi, na hapo ndipo shida inapoanzia. Ni nani mwenye chumba cha futi 60? Gari la kweli la mizigo lenye mabehewa 100 ya namna hiyo lingehitaji zaidi ya futi 45, hata likiwa limepunguzwa. Ghala la nafaka la futi 100 huwa refu kuliko futi moja, likafunika mji wote. Kwa hiyo fundi hulazimika kukata: maili kumi za mashamba huwa hatua mbili, na kiwanda cha madirisha ishirini huwa na sita. Kila fundi anajua kwamba meza yake imejaa mambo yaliyofupishwa.

Kwa nini kituo cha petroli

Jengo dogo la mashambani ndilo linalomwokoa. Kituo cha petroli cha zamani hakihitaji kukatwa. Fundi aweza kukijenga kama kilivyokuwa, bila kupunguza hata dirisha moja, nacho kikakaa katika nafasi ndogo kuliko kitabu. Hii ni sababu ya kwanza ya mafundi kuvipenda vituo hivyo.

Sababu ya pili ni kwamba kituo cha petroli hutaja mwaka wake, kama vile sarafu inavyotaja mwaka wake. Katika miaka ya 1920 pampu nyingi zilikuwa na mtungi mkubwa wa kioo juu yake, uliotiwa alama za galoni. Mwenye kituo alivuta mkono wa pampu mpaka petroli ikapanda na kujaa mtungini mbele ya macho ya mnunuzi, kisha aliiachilia ishuke kwa uzito wake mpaka ndani ya motokaa. Mnunuzi aliona alichokilipia. Katika miaka ya 1930 zilienea pampu za umeme zenye uso wa tarakimu, zilizohesabu galoni na bei pamoja. Basi mtu akiona pampu ya mtungi juu ya meza ya reli, na kando yake injini ya dizeli ya miaka ya 1950, atauliza mara moja: Je, kituo hiki ni cha mtu maskini asiyeweza kununua pampu mpya, au fundi amekosea hesabu ya miaka? Fundi mzuri huwa na jibu.

Sababu ya tatu ni kwamba petroli yenyewe ilifika kwa gari la moshi. Katika miji mingi midogo palikuwa na njia ya pembeni ya reli, na kando yake matangi makubwa mawili au matatu yaliyosimama juu ya nguzo au misingi ya saruji. Behewa la tangi liliachwa hapo, mafuta yakavutwa kwa bomba na kuingizwa katika matangi, na lori dogo la tangi likayachukua na kuyagawa kwa vituo vya barabarani na kwa mashamba yenye trakta. Kwa hiyo fundi akijenga kituo kando ya barabara na matangi kando ya reli, gari lake la moshi limepata kazi. Haliendi likizunguka bure. Linaleta kitu kwa mtu anayekihitaji.

Dwight na Odell

Mji wa Dwight uko katika njia hiyo, maili 70 na zaidi kutoka Chicago. Stesheni yake ya mawe, iliyojengwa mwaka 1891 kwa ramani ya Henry Ives Cobb, ingali imesimama. Katika mji huo huo kiko kituo kinachoitwa Ambler's Texaco, kilichojengwa mwaka 1933. Ukikitazama, waweza kudhani ni nyumba ya mtu: kuta zake ni za mbao zilizopandana, na paa lake lina mteremko kama la nyumba ya kukaa watu. Mbele limetokeza paa jingine, ili motokaa zisimame chini yake zisinyeshewe. Basil Ambler, ambaye kituo kimebaki na jina lake, alikiendesha tangu 1938 hata 1966. Katika miaka ya 1940 kiliongezwa vyumba vya kutengenezea motokaa, vilivyojengwa kwa matofali ya saruji. Petroli iliuzwa hapo mpaka mwaka 1999, yaani kwa miaka 66. Kisha jengo likawa mali ya mji, likatengenezwa lifanane na lilivyokuwa katika miaka ya 1940, na tangu mwaka 2007 limekuwa mahali pa kuwakaribisha wageni.

Hapo fundi hujifunza jambo ambalo hakuna kitabu kinachohitajika kulifundisha. Jengo moja lina mikono miwili. Sehemu ya mbao ni ya mtu aliyetaka mgeni ajione yuko nyumbani. Sehemu ya matofali ya saruji ni ya mtu mwenye kazi nyingi, asiye na wakati wa mapambo. Fundi akitaka kipimo cha ukuta wa saruji, hahitaji ngazi. Tofali la kawaida la saruji la Marekani, pamoja na udongo wake, huhesabiwa inchi 8 kwenda juu na inchi 16 kwenda upande. Akihesabu safu 15, anajua kuwa ukuta ni wa futi 10. Hivyo ndivyo jengo linavyojipima lenyewe mbele ya mtu mwenye macho.

Maili chache mbele uko mji wa Odell, mdogo kuliko Dwight. Mwaka 1932 mjenzi mmoja, Patrick O'Donnell, alijenga hapo kituo kwa mfano uliotumiwa na kampuni ya Standard Oil ya Ohio tangu mwaka 1916, yaani nyumba ndogo yenye paa la mbele. Hakuwa peke yake. Katika kipande hicho kifupi cha barabara palikuwa na vituo vingine tisa, vyote vikigombea wapita njia wale wale. Magari yalikuwa mengi hata watu wa Odell wakachimbiwa njia chini ya barabara, ili watoto wa shule na watu wanaokwenda kanisani wavuke salama. Msomaji na afikiri: mji mdogo wa wakulima, na barabara yake haivukiki!

Kituo cha O'Donnell kiliuza kwanza mafuta ya Standard, baadaye ya Sinclair, na baadaye tena ya Phillips 66. Katika miaka ya 1940 kiliongezewa karakana. Katikati ya miaka ya 1960 kiliacha kuuza petroli, kikawa mahali pa kunyoosha mabati ya motokaa zilizogongana, kisha kikaachwa. Mwaka 1999 mji wa Odell ulikinunua, na watu wa kujitolea wakakikarabati kwa mikono yao.

Kutu na ukweli

Katika mambo haya pana ubishi, na mafundi wa reli ndogo hawajaumaliza. Jengo la Odell limevaa mavazi matatu katika maisha yake, lakini aliyelikarabati alilazimika kuchagua vazi moja. Rangi mpya ikipakwa, miaka mingine yote hufichika chini yake. Kwa hiyo wako mafundi wanaokimbilia majengo ambayo hayajaguswa, yenye mabati yaliyotoboka na vibao visivyosomeka, wakasema kwamba hayo ndiyo ya kweli. Wakirudi nyumbani huyaiga kwa ustadi mwingi. Hukata mbao nyembamba kwa wembe, huzipaka rangi iliyochanganywa na maji mengi, huzikwangua kwa msasa, hupaka unga wa chaki wa rangi ya kahawia mahali penye misumari ili ufanane na kutu iliyotiririka. Mtu akitazama kazi hiyo kwa karibu husahau kwamba bati lile ni kipande cha karatasi ya madini.

Lakini wengine huwajibu hivi. Kituo kilichooza ni kituo kilichokufa. Wakati gari la moshi la miaka ya 1930 lilipokuwa likipita, jengo lile lilikuwa na umri wa miaka michache tu. Mwenyewe alilifagia kila asubuhi, akaosha vioo vyake, kwa sababu kando yake palikuwa na washindani tisa, na mwenye motokaa huchagua mahali safi. Fundi anayemwaga kutu kila mahali humsingizia mwenye kituo uvivu. Anajenga alichokiona yeye leo, si alichokiishi mwenzake jana.

Jibu hili lina uzito. Kutu ni rahisi kuiona. Bidii ya mtu ni vigumu kuiona, kwa maana haiachi alama. Fundi anayetaka kutenda haki hana budi kutafuta alama hizo ndogo: kizingiti kilicholika kwa viatu, doa la mafuta mahali motokaa zilipozoea kusimama, rangi iliyopakwa mara nyingi mpaka ikawa nene pembeni mwa mlango. Alama hizo ni za kazi, wala si za uchakavu. Jengo lililochakaa kwa kutumiwa na jengo lililochakaa kwa kuachwa hayafanani, kama vile mikono ya mkulima isivyofanana na mikono ya mgonjwa.

Mchimba makaa wa Mount Olive

Jambo hilo huonekana waziwazi katika mji wa Mount Olive, kusini mwa jimbo, si mbali na St. Louis. Mji huo ulikuwa wa wachimbaji wa makaa ya mawe. Hapo ndipo alipozikwa Mary Harris Jones, aliyeitwa Mama Jones na wachimbaji, katika makaburi ya chama chao. Makaa kama hayo ndiyo yaliyoendesha injini za moshi za nchi nzima.

Henry Soulsby alikuwa mmoja wa wachimbaji hao. Katika miaka ya 1920 aliumia, hata hakuweza tena kushuka shimoni. Alisikia kwamba barabara kubwa ya taifa itapita mjini. Basi alichukua akiba ya maisha yake akanunua viwanja pembeni mwa barabara, na mwaka 1926 akajenga kituo cha petroli. Hakuajiri mchora ramani. Jengo la kwanza lilikuwa na futi 13 kwa futi 20. Katika kipimo cha HO, jengo hilo halifiki inchi 2 kwa inchi 3, dogo kuliko pakiti ya sigara. Akiba yote ya mchimba makaa huenea katika kiganja cha mkono.

Mtu aliyeishi kwa makaa ya mawe aliokolewa na petroli, na ni dizeli, ndugu yake petroli, iliyoyaondoa makaa katika injini za reli. Hakuchagua upande, aliumia, akatafuta njia ya kulisha watoto wake.

Mwaka 1937 kituo kilipanuliwa, kikawa kama kinavyoonekana leo. Watoto wa Henry, Russell na dada yake Ola, walifanya kazi hapo tangu ujana wao. Russell alikwenda vitani katika bahari ya Pasifiki, akajifunza kazi ya mitambo ya mawasiliano. Aliporudi alianza kutengeneza redio, na baadaye televisheni, mumo humo kituoni, na paa likawa mahali pa kujaribia nyaya za kunasia mawimbi. Hilo nalo ni la kuzingatiwa na fundi: nyaya zile juu ya paa si pambo, ni biashara ya pili ya mtu aliyeona ya kwanza ikipungua. Maana barabara kuu mpya ilikuwa imejengwa kando ya mji, na motokaa zilikuwa zimehama.

Hata hivyo hawakufunga. Waliuza petroli hadi mwaka 1991, na milango ilifungwa mwaka 1993. Ola alifariki mwaka 1996. Mwaka 1997 jengo lilinunuliwa na jirani aliyetaka lisibomolewe, na baadaye likakarabatiwa na watu walioipenda barabara ile. Russell aliishi akaona kwamba halitavunjwa. Alipofariki mwaka 1999, magari ya mazishi yaliiacha njia yake kidogo, yakaingia pale kituoni, yakapita polepole chini ya paa la mbele, mahali ambapo kwa miaka mingi alisimama akihudumia motokaa za wengine. Kisha yakaendelea na safari.

Fundi wa reli ndogo afikaye Mount Olive akiwa na fimbo yake ya futi hupima upana wa paa hilo kama anavyopima kila kitu. Huandika nafasi iliyopo kati ya nguzo na pampu. Afikapo nyumbani atakata mbao zake, atazigundisha, na kuzipaka rangi nyeupe. Asipoambiwa habari za Henry na Russell, atapata jengo zuri. Akiambiwa, ataliweka safi, atafagia mbele yake, na ataacha nafasi ya kutosha chini ya paa, ili motokaa ipate kupita bila kugusa nguzo.